Mama Kidevu na Pembe Zilizokatika

Mama Kidevu hakumwamini mtu anayetabasamu kabla hajaambiwa atabasamu. Kazi ndiyo iliyomfundisha hivyo. Miaka nenda miaka rudi alikuwa na studio yake kwenye barabara ya soko, chumba kimoja chenye pazia la bluu, kigoda, kioo, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisipotee. Watu walikuja kupiga picha za vitambulisho, naye akiwaamuru kama askari: "Kidevu juu! Juu kidogo. Hapo hapo, usipumue." Jina likamganda. Hata wale aliowapiga picha za shule wakiwa na mapengo, leo wana watoto wao, walimwita Mama Kidevu, na yeye aliitika bila kununa.

Mle studio alijifunza mambo mawili. La kwanza, uso wa mtu husema uongo mpaka uuchoshe. La pili, picha nzuri haikosi hatua moja nyuma. Akishaweka jicho kwenye kamera na kuona kila kitu kimekaa sawa, hurudi hatua moja ili kichwa cha mteja kipate nafasi, ndipo abonyeze. Wala hakuwa akifikiri, mguu ulijiendea wenyewe. Ukuta wa nyuma ulikuwa na alama nyeusi pale kisigino chake kilipogonga siku zote hizo, na kila akipaka rangi upya, alama inarudi.

Basi zikaja simu za kupiga picha. Kila mtu akawa mpiga picha, na kila mpiga picha akajiona fundi. Studio ikafa kifo cha polepole. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo siku aliyoshusha pazia lile la bluu hakuwa na wa kumsaidia kulikunja. Mdogo wake, mshonaji mwenye cherehani yake sebuleni, alimfuata akamwambia, "Dada, njoo kwangu. Kile chumba cha uani wanalala panya tu." Akaenda. Panya wakahama wenyewe.

Mume wa mdogo wake ndiye aliyemtia majini. Huyu shemeji alikuwa kiongozi kwenye kituo cha kuzamia, mtu mrefu, wa maneno machache, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Alimwita "dada" kama mkewe anavyomwita. Asubuhi moja alimwona amekaa uani na kamera mapajani, anaifuta vumbi lisilokuwepo, akamwambia, "Dada, twende ukapige picha za wageni wakiogelea. Kaa botini tu." Lakini mtu mwenye macho yale atakaaje botini? Kabla jua halijapanda alikuwa ameshaomba miwani ya majini na mrija wa kupumulia. Akaweka uso chini. Alipiga ukelele ndani ya mrija mpaka mwendesha boti akashika boya, akidhani mama wa watu anazama.

"Jamani!" alisema alipoinua uso, maji yanamtoka puani. "Na nyinyi mkanyamaza siku zote hizi?"

Chini kule kulikuwa na mji mzima. Matumbawe mengine ya duara yenye mikunjo, mengine mapana kama meza, mengine yamechipua matawi kama pembe za kulungu, na samaki wa manjano wanaingia na kutoka kama wenye nyumba. Hakuna hata mmoja wa kuambiwa inua kidevu. Siku ile Mama Kidevu alifurahi, na alikuwa hajafurahi tangu pazia lishuke.

Baada ya mrija ukafuata mtungi wa hewa. Wanawake wa rika lake walikuwa wakitafuta viti vya kupumzishia mgongo, yeye akijifunza kusawazisha masikio na kuvuta pumzi kidogo kidogo. Shemeji alimfundisha bila kumcheka. "Usipigane na maji, dada," alikuwa akisema. "Maji hayana ugomvi na wewe." Alimfundisha ishara za mikono za chini ya maji, alimfunga kiunoni mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha, alimkagua hewa kabla ya kila safari. Mtu anayekukagua hewa yako, uhai wako uko mikononi mwake. Kumbuka hilo, maana Mama Kidevu alilisahau.

Ofisi ya hifadhi ya bahari ikawa inataka picha. Kulikuwa na mwamba mmoja uliofungwa, wageni hawaruhusiwi, wavuvi hawaruhusiwi, ili matumbawe yapumzike. Kila mwezi mtu ashuke apige picha pale pale, kutoka upande ule ule, waone kama yanakua. Kituo kikapewa kibali, na kibali kikaandikwa watu wawili, Mama Kidevu wa kupiga picha na shemeji wa kumwongoza. Mwendesha boti alibaki juu na sigara zake.

Utaratibu haukubadilika. Kwanza walikwenda kwenye tumbawe moja pana la duara alilolipa jina la Sinia, kwa sababu jua la asubuhi lilianzia hapo. Akishalimaliza, anageuka. Nyuma yake, karibu kabisa, palikuwa na bustani nzima ya yale ya matawi, naye akaiita Pembe. Anapiga Pembe, halafu wanapanda juu.

Kasoro ilianzia kwenye Pembe.

Aliiona mezani, kwenye kompyuta ya kituo, katika chumba kilichonuka mpira mbichi wa suti za kuzamia. Aliweka picha ya mwezi huu kando ya ile ya mwezi uliopita, kama alivyozoea kulinganisha uso wa mteja na kitambulisho chake cha zamani. Tawi moja halikuwepo. Mwezi uliofuata hayakuwepo mengine kadhaa. Tena palipokatika palikuwa peupe pe, kama jino la mtoto. Na hilo Mama Kidevu alilijua vizuri, kwa sababu shemeji mwenyewe ndiye aliyemwambia. Jeraha la tumbawe likikaa huota utando wa kijani. Likiwa jeupe, limevunjwa hivi punde.

Hivi punde, lini? Na nani? Mwamba umefungwa. Walioshuka asubuhi ile ni wawili.

"Mimi najijua," alijiambia, huku akiikaribia skrini mpaka pua inakaribia kuigusa. "Mimi nilikuwa natazama Sinia."

Akabaki mmoja.

Sasa wewe niambie, mtu akishaanza kushuku, kuna kitu kitakachomponyoka? Hata kikohozi kinakuwa ushahidi. Mama Kidevu alianza kumwangalia shemeji wa watu kuanzia kandambili hadi kofia. Akaona mikwaruzo. Mikono ya shemeji, kuanzia kiganja hadi kiwiko, ilikuwa imechanwachanwa, mingine ya zamani imeshafifia, mingine mibichi. Kiongozi wa kuzamia anayewapigia wageni kelele wasiguse mwamba, yeye mwamba umemgusa wapi?

"Umechanwa na nini, shemeji?" alimuuliza botini, akijifanya anafuta kioo cha kamera.

"Aa, kawaida tu, dada."

"Kawaida ya nani? Mbona mimi sina?"

Shemeji alicheka kwa mabega, akashusha mikono ya suti yake. Mama Kidevu alikiona kitendo kile akakiweka moyoni. Nyani haoni kundule, alijisemea, anawafokea wageni kumbe yeye ndiye mharibifu.

Halafu ukaja mfuko. Aliingia sebuleni akamkuta mdogo wake anashona kifuko cha wavu chenye mdomo wa kukaza kwa kamba.

"Wa nini huo?"

"Wa shemeji yako. Wa kazi," mdogo wake alijibu, macho kwenye sindano.

"Kazi gani inayotaka mfuko?"

"Dada nawe! Nitajua mimi mambo ya majini?"

Safari iliyofuata aliuona mfuko kazini. Alikuwa amemaliza Sinia, akageuka ghafla kuliko kawaida yake, na hapo hapo akamfuma. Shemeji amepiga goti mchangani, anaokota vipande vyeupe vya Pembe, anavitia mfukoni. Alipoona anatazamwa hakushtuka. Alinyosha kiganja, akakishusha na kukipandisha polepole mara kadhaa, kisha akanyosha kidole nyuma yake Mama Kidevu. Tulia, tazama kule, usigeuke, ndivyo yeye alivyoielewa ishara ile. Na mtu asiye na cha kuficha, kwa nini akwambie usigeuke? Tena haikuwa mara ya kwanza. Alikumbuka kwamba ishara ile ameonyeshwa karibu kila safari, na kila mara aliitikia kwa duara la kidole gumba na cha shahada kama mjinga, sawa bwana, natulia.

Alipekua begi la shemeji siku aliyoombwa kulianika. Ndani alikuta nyuzi za kuvulia zilizokatwa fupi fupi na vifungo vya plastiki. Vya kufungia nini, kama si mzigo? Aliwahi kuona tumbawe limewekwa ndani ya kabati la kioo kwenye duka la mapambo, limepakwa rangi ya waridi, Mungu atusamehe. Kumbe yanaanzia nyumbani kwetu, aliwaza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na minong'ono ndiyo iliyomaliza kabisa imani yake. Jioni akitoka chumbani kwake kuja kula, mazungumzo ya jikoni yalikatika. Siku moja alisimama nyuma ya mlango, jambo ambalo mtu mzima hapaswi kulifanya, akasikia sauti ya mdogo wake: "Mwache kwanza. Akijua hali itakuwaje? Moyo wake haujapona."

Alirudi chumbani na njaa yake. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea mgongoni, ameshirikiana na mume kumfanya yeye pazia la wizi. Yeye apige picha mbele, wao wavune nyuma. Hata lile neno la mapezi, yale ya kuvaa miguuni, sasa alilielewa. Shemeji alikuwa amemwambia mara kadhaa, kwa upole wa kutia shaka, "Dada, kuna mapezi mafupi stoo, mepesi kuliko hayo marefu yako. Ungeyajaribu." Hee! Avae mafupi ili awe mzito, ili achelewe, ili mwenzake amalize shughuli zake. Aliyakumbatia mapezi yake marefu kama mtoto.

Basi akatega. Kituoni kulikuwa na kamera ndogo ambazo wageni hufunga kichwani. Mama Kidevu alichukua moja, akaipanga ijipigie picha yenyewe mfululizo, akaificha kwenye mfuko wa jaketi lake la hewa. Alishuka wa kwanza kwa kamba ya nanga, na shemeji alipokuwa bado anaagana na mwendesha boti juu, yeye aliibana kamera ile katikati ya mawe, jicho likitazama Pembe. Akaenda kwenye Sinia kama hana habari. Moyo ulimwenda mbio hadi akala hewa nyingi kuliko kawaida.

Lakini bahari haina siri ya mtu mmoja. Kabla hajapata nafasi ya kuirudia kamera, mkondo ulibadilika, mchanga ukatimka, na shemeji akamshika mkono akamwonyesha juu, sasa hivi. Alimvuta hadi kwenye kamba, hakumwachia mpaka kichwa kimetoka majini. Mtu mwingine angeshukuru. Mama Kidevu alimtazama kwa jicho la pembeni. Ameiona kamera, aliwaza, ndiyo maana ananivuta.

Bahari ikachafuka siku zilizofuata, hakuna aliyeshuka. Katikati ya kungoja kule, meneja wa kituo akawaita.

Meneja alikuwa mtu wa tumbo na wasiwasi, aliyeogopa simu ya ofisi ya hifadhi kuliko alivyoogopa papa. Waliketi chumba cha juu ya stoo, suti zimetundikwa ukutani zinadondosha maji, feni inazunguka kwa kulalamika.

"Wamepiga simu," alisema meneja. "Wanasema mwamba uliofungwa unavunjika kuliko ule wa wageni. Wakifuta kibali, nafunga mlango, na wote tunakwenda nyumbani. Nataka kujua nani anavunja."

Mama Kidevu alikuwa amekuja na picha zake, amezichapa kubwa. Alizipanga mezani moja moja. Alieleza kuhusu jeraha jeupe na jeraha la kijani. Sauti yake haikutetemeka, alikuwa ameshaizoeza chumbani.

"Chini kule tunakuwa wawili," alimalizia. "Mimi jicho langu liko kwenye kamera, na picha za Sinia hizi hapa, hazina ubishi. Mwenzangu anabaki nyuma yangu. Na mwenzangu ana mfuko."

Feni ilizunguka. Meneja alimgeukia shemeji. "Una mfuko?"

"Ninao."

"Unatia nini?"

"Vipande vya matumbawe."

"Nani kavivunja?"

Shemeji alimtazama Mama Kidevu usoni, halafu akashusha macho hadi miguuni kwake, akayaacha hapo kitambo. Mama Kidevu aliona ni aibu, mwizi hawezi kukutazama machoni. Shemeji alijisugua mkono wenye mikwaruzo.

"Kiongozi ni mimi," alisema. "Kikivunjika kitu chini kule, ni mimi."

 Meneja alimwambia atundike jaketi lake na aende nyumbani mpaka ofisi iamue, na kama ilivyo desturi ya ofisi, wote walijua uamuzi utakuwa upi. Shemeji alitundika jaketi kwenye msumari, akalinyoosha mabega yake kama shati la harusi, akatoka. Mama Kidevu alibaki na picha zake mezani. Alikuwa ameshinda. 

Nyumbani alijiandaa kwa vita, vita havikuja. Mdogo wake alimpakulia chakula kama kawaida, akamwekea kipande kikubwa kama kawaida. Cherehani ililia mchana kutwa, maana sasa ndiyo iliyobeba nyumba. Shemeji alitengeneza bomba lililokuwa likivuja, akapaka rangi mlango, akawa anatoka asubuhi kutafuta kibarua na kurudi akiwa kimya vilevile.

"Dada," mdogo wake alimwambia siku moja, akikata uzi kwa meno, "ulikuwa na uhakika?"

"Picha hazisemi uongo."

"Haya."

Neno moja tu, haya. Mama Kidevu aliligeuza kichwani siku nzima, akilitafutia ujanja ndani yake.

Bahari ilipotulia, meneja mwenyewe alijitia kwenye suti, kwa shida ambayo si heshima kuisimulia, akashuka naye. Alikula hewa yake kama mtu anayekunywa uji, ikabidi wapande mapema. Lakini Mama Kidevu alikuwa ameshaichomoa kamera yake kwenye mawe, imeota ukungu wa mwani, nzima.

Aliingia nayo chumba cha kuoshea vifaa. Kulikuwa na mapipa ya maji baridi, miwani ikielea, sakafu ya saruji imelowa. Akageuza ndoo akaikalia, suti bado mwilini, akachaji kamera, akaanza kutazama kwenye kile kioo chake kidogo.

Picha za mwanzo zilikuwa za kiganja chake mwenyewe. Halafu Pembe, nzima, haijaguswa, samaki wa manjano ndani yake. Halafu mgongo wake, mtungi, nywele zinaelea, anaelekea Sinia. Alijitazama kwa udadisi. Hakuwa amewahi kujiona kwa nyuma.

Kisha akajiona kwa upande, kidevu chake kikiinuka kuelekea kamera kubwa, kama alivyozoea kuwaamuru wenzake. Kadiri kidevu kilivyopanda, miguu ilishuka. Kisha, picha hadi picha, ule mguu unajiendea wenyewe. Hatua moja nyuma. Pezi refu jeusi limeingia katikati ya Pembe. Picha iliyofuata, matawi yako hewani, ikiwa majini kuna hewa, yanaanguka polepole. Na yeye, Mama Kidevu, jicho liko kwenye Sinia, hana habari, anabonyeza.

"La," alisema kwa sauti, peke yake na mapipa. "La, la, la."

Aliendelea kutazama. Shemeji anaingia pichani kwa haraka. Anaonyesha ile ishara ya kiganja. Tulia, na nyuma yako, miguu yako. Yeye hageuki. Pezi linarudi tena. Na hapo shemeji ameingiza mkono wake, mkono mtupu, kati ya pezi na Pembe. Pezi limeukandamiza mkono kwenye matawi. Pembeni ya mkono kulikuwa na kitu kama moshi wa kijani kinapanda. Mama Kidevu alijua ni nini. Yeye mwenyewe ndiye huwaeleza wageni kwamba chini kule rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea, na damu ya mtu bila flashi huonekana ya kijani.

Picha za mwisho, kabla mchanga haujatimka, zilimwonyesha shemeji kwa mbali. Anatoa vipande mfukoni, anavifunga kwa uzi na vifungo vya plastiki juu ya jiwe tupu, kimoja kimoja, vikiwa wima, kama mtu anayepanda miche. Lile jiwe Mama Kidevu alilipita kila mwezi. Wala hakuwahi kulipiga picha, halikuwa kwenye utaratibu.

Alikaa kwenye ndoo mpaka suti ikamkaukia. Kidole chake kilitambaa kwenye kitufe cha kufutia, naam, nisikufiche, kilitambaa. Mtu wa pili hakuwepo. Kamera ikamuuliza kama kweli ana uhakika, na akamsikia mdogo wake ndani ya swali lile. Akakiondoa kidole kama kimeungua.

Alipanda ngazi hadi kwa meneja akiwa na mapezi mkononi. Meneja alitazama kioo kidogo, akaangalia mapezi, akatazama tena. "Sasa mama," alisema hatimaye, akaiweka kamera mezani. Kisha akatoa uamuzi. Shemeji arudi kesho yake, na Mama Kidevu asiguse maji ya mwamba ule mpaka shemeji mwenyewe atakaposema yuko tayari. Mama Kidevu alisema ni haki. Alisema pia kwamba atakwenda mwenyewe kueleza ofisi ya hifadhi.

Nyumbani alimkuta shemeji uani anakoroga rangi.  Alimshika mkono, akaugeuza, akaitazama mikwaruzo. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwona Mama Kidevu akimshika shemeji yake mkono, na mdogo wake alisimamisha cherehani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, dada. Kila tuliposhuka nilikuambia." Akanyosha kiganja, akakishusha na kukipandisha.

"Huku juu! Huku juu una mdomo!"

"Mimi ndiye niliyemkataza," mdogo wake alisema kutoka mlangoni. "Ulikuwa umeanza kucheka tena. Niliogopa tukikwambia utaifungia kamera kabatini kama lile pazia. Nikasema uyazoee maji kwanza, utajifunza polepole."

"Na mbele ya meneja je? Ungenitaja!"

Shemeji aliinua mabega. "Aliyekufundisha ni nani?"

Mama Kidevu alikaa chini, pale pale kwenye saruji. Aliomba radhi kwa maneno ambayo mimi sitayarudia, kwa sababu hayakupangika na kamasi zilikuwepo. Shemeji alisema yamekwisha. Mdogo wake alisema hayajaisha, ila yatakwisha, akarudi kwenye cherehani, na hilo ndilo lililomfariji zaidi, maana lilikuwa kweli.

Mafunzo yalianza uani. Shemeji alileta benchi, akamlaza Mama Kidevu kifudifudi juu yake, mapezi mafupi miguuni, kamera mkononi. Nyuma ya visigino vyake aliweka kigoda, na juu ya kigoda akapanga vikombe vya kioo vya wageni, ambavyo mdogo mtu alivitoa kabatini kwa uchungu mwingi. Kazi ilikuwa kupiga picha ya ndoo iliyo mbele bila kugusa kikombe nyuma.

"Kidevu chini, dada," alisema shemeji.

"Unamwambia nani?"

"Nakwambia wewe. Ukiinua kidevu, miguu inashuka."

Sebuleni mdogo wake aliangua kicheko mpaka akaharibu mshono. Mama Kidevu naye alicheka, tumbo likigonga benchi. Kisha akanyamaza, akaweka jicho kwenye kamera. Ndoo ilikaa vizuri. Mwanga ulikuwa mzuri. Kitu kimoja tu kilikosekana, nafasi kidogo juu, na kabla hajajizuia aliusikia mguu wake ukienda.

Kikombe kililia kwenye saruji.  Cherehani ilisimama.

"Nani kavunja?" iliuliza sauti kutoka ndani.

Mama Kidevu alishusha kamera.

"Ni mimi," alisema.